Studio ya bure? Simameni hapo hapo kwanza

Umeuliza kava ya singo ya bendi yenu ya funk iwe rangi gani, itoke Ijumaa ama wikendi, video mshutie ufuoni Dunga ama mjini, alafu hapo katikati umetupia tu kwamba prodyusa amewapa studio bure, wimbo ataupandisha mtandaoni na akaunti yake na pesa mtaongea baadaye. Wacheni hayo mengine yote. Msiingie hiyo studio Jumamosi.

Sisi tulikuwa na bendi hapa Kisumu, funk na soul tupu, wapiga tarumbeta na tromboni tumewatoa Vihiga, vijana waliolelewa na bendi ya Jeshi la Wokovu, wanapuliza hadi nywele zinasimama. Prodyusa wetu naye alitupa studio bure, akasema sisi ni familia, mambo ya karatasi huleta mikosi, tukarekodi usiku kucha tukila omena yake. Wimbo ukashika, ukapigwa redioni, ukaingia matatu, shoo zikaanza kuja. Kuuliza pesa ya mtandaoni, jamaa anasema masta, yaani rekodi yenyewe iliyokamilika, ni yake. Na ubaya wenyewe ni kwamba alikuwa na pa kusimamia: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Studio yake, injinia wake, stima yake, akaunti yake, sasa nyinyi mtaonyesha nini? Na rekodi inalindwa miaka 50, si mchezo. Tukaweka YouTube video yetu tukiucheza huo huo wimbo, ikaletewa dai kwamba ni mali ya mtu mwingine, pesa ya matangazo ikaenda kwake. Familia gani hiyo? Mtu anakula pumzi ya vijana wa watu na tarumbeta yenyewe hajui hata inashikwaje. Mpiga besi wetu, yule aliyeleta laini iliyobeba wimbo mzima, hakuona shilingi, akauza besi alipe nyumba, na bendi ikaishia hapo. Hadi leo wimbo huo ukipita kwa matatu ya Kondele naumia.

Na funk ndio hatari zaidi, kwa sababu utamu uko kwa ngoma na besi lakini utunzi huandikwa mwenye maneno na melodi. Clyde Stubblefield alimpigia James Brown, yule mwimbaji wa funk wa Marekani, ngoma mwaka wa 1969, zile sekunde chache zake zikachukuliwa kwa nyimbo za hip hop mamia, na kwa vile hakuwa kwa orodha ya watunzi hakuwa na mrabaha wa kudai. Akafariki 2017. Kama yeye alipitia hayo, huyo mpiga ngoma wenu atapona vipi?

Kwa hivyo lipeni studio. Hata akiwapunguzia, mtume kwa M-Pesa na muandikiane kwamba ni ya kurekodi huo wimbo. Kabla maiki kuwashwa iwe na karatasi moja: masta ni ya bendi, utunzi umegawanywa kwa asilimia hadi ifike 100, mpiga besi na mpiga ngoma wakiwa ndani, kila mtu asaini, prodyusa pia. Akitaka asilimia yake mpeni, kazi amefanya, lakini iandikwe. Hakimiliki haihami kwa mdomo, sheria inataka maandishi na sahihi, ndio maana hata akiapa kwa mamake kwamba masta atawarudishia baadaye, bila sahihi hamna kitu. Wimbo upande na akaunti ya bendi, namba ya ISRC, ile ya kutambulisha rekodi, herufi na tarakimu jumla 12, mkae nayo nyinyi, na mtoke na faili za kila ala kivyake siku hiyo hiyo, msiambiwe njooni kesho.

Mpigieni leo jioni, si Jumamosi mkiwa mshafika na magitaa mgongoni. Akinuna aseme hamumwamini, tafuteni kwingine, studio Kisumu hazijaisha. Karatasi mkishaiandika ipige picha uiweke hapa, funika majina, niangalie kama mpiga besi yuko.