Kunyoosha misuli kabla ya kupanda jukwaani

Kwenu wachezaji mnaouliza kama ni vizuri kukaa na kunyoosha misuli kabla tu ya kupanda jukwaani kushindana: hapana, dakika chache kabla ya kuitwa msikae chini mkavuta misuli na kuishikilia hapo kwa muda mrefu, kwa sababu msuli uliovutwa kwa zaidi ya sekunde 60 hupungukiwa kwa muda na nguvu za kuruka na kusukuma, nazo ndizo mnazozihitaji kwenye mashindano. Afadhali mpashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15, mkianza na kutembea kwa kasi, kuzungusha nyonga na mabega na kurusha miguu taratibu, kisha mpitie hatua za mwanzo za mchezo wenu kwa nusu ya kasi. Ninafundisha kikundi cha vijana hapa Temeke, na kosa hili la kuvuta misuli kwa muda mrefu huliona karibu kila shindano. Anayelazimika kupiga msamba anaweza kuvuta misuli kwa sekunde zisizozidi 30, mradi mwili wake uwe tayari umepata joto. Na kutokwa jasho kwa ajili ya hali ya hewa ya Dar es Salaam, huku mtu ameketi akisubiri zamu, hakuhesabiki kuwa kupasha mwili moto.