Shangazi Ajibu: Feri Tupu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 13, ana usonji, maneno yake ni machache. Kila akitoka shule huchora feri ya Likoni, ileile, tupu, haina hata mtu mmoja. Chini huandika: "Feri imelala. Maji bado." Jirani anataka kununua moja, ila itiwe watu na bahari iwe buluu. Nikachukua kalamu nikaimalizia. Mtoto alilia hadi Isha, kisha akaichana. Nilikosea?
Mama wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulikosea, na mimi nilikutangulia.

Mdogo wangu naye ana usonji. Utotoni mwetu Kibokoni alikuwa na daftari la kunakili majina ya leso za mama na mashangazi. Kila jina aliliacha njiani, neno moja au mawili ya mwisho hayamo. Mimi mjuaji nikaketi siku moja na kalamu nyekundu, nikamjazia yote. Daftari lile hakuligusa tena. Ilipita miaka ndipo nikamtazama mama akijifunga leso, nikaona mwisho wa jina unaingia ndani, pale upande mmoja unapolalia mwingine. Kumbe aliandika kinachosomeka leso ikiwa mwilini, basi.

Na feri hiyo pengine mwanao huiona watu wakishateremka. Pengine kelele zao humkera, akawashusha wote. Muulize, na asipojibu usimsumbue.

Kuchora kitu kilekile kusikutie hofu. Desemba 2025, tuzo ya Turner, kubwa kabisa ya sanaa Uingereza, ilikwenda kwa Nnena Kalu, mwanamke mwenye usonji na ulemavu wa kujifunza, ambaye pia hasemi sana. Huchora mizunguko kama maji yanayozama shimoni, kisha huirudia kwenye karatasi ya pili, karibu ileile. Sanamu zake ni kamba, vitambaa na mikanda ya video anavyovifunga tabaka juu ya tabaka. Majaji hawakumdai maua.

Jirani akitaka watu, apande feri saa kumi na mbili asubuhi, atawapata wa kumtosha.

Kuuza si vibaya, ila mwenye picha akubali. Weka makasha mawili, la kubaki nyumbani na la kutoka, na mtoto atie kwa mkono wake. Pesa ni yake: manila na penseli kwanza, sukari baadaye (najua bei ya sukari). Nyuma ya kila picha andika tarehe. Maneno yake yaache alivyoyaandika, hata herufi zikipinda.

Ile aliyoichana usiitupe. Mwekee vipande mezani pamoja na gundi, wewe uende zako jikoni.