Mmeuliza Lini, Nami Najibu na Nani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni busara kupanga safari ya kupanda mlima na kulala huko huko katika wikiendi ndefu ya Siku ya Nyerere, "wakati milima yetu inapojaa watu", au ni afadhali kusubiri siku za kawaida. Ningelipita kama ninavyoyapita mengi, ila hayo maneno ya milima kujaa watu yamenichoma kidogo. Nadhani aliyeliandika alikuwa anaiwazia Kilimanjaro. Kwetu Dodoma, mtu akisema twende tukalale mlimani, mara nyingi anasema Hanang, mlima ulioko mkoani Manyara, na Hanang sijapata kuuona ukijaa. Kinachojaa ni stendi, ni Costa za kwenda Kondoa na Babati, ni gesti za Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, na kuliko vyote hivyo, hujaa orodha ya wasafiri.

Kwa sababu hiyo naomba niruhusiwe kujibu swali la pili yake: si lini twende, bali twende na nani. Msimamo wangu ni kwamba wikiendi ya sikukuu haifai. Siku ya kawaida, anayekubali kulala kwenye baridi ya Hanang ni mtu aliyeamua, ambaye ameomba ruhusa kazini, amenunua soksi nzito na kuuliza njia. Wikiendi ya sikukuu humleta pia yule ambaye hajaamua lolote, aliyesikia kwenye korido kwamba kuna safari, akatuma mchango kwa simu na kuhesabu kwamba kutuma mchango ndiko kujiandaa.

Nitatoa mfano wa mwaka 2024, ambapo tarehe 14 Oktoba iliangukia Jumatatu. Mwenzetu mmoja wa ofisini, ambaye nitamwita mratibu, alianzisha kundi la WhatsApp na kuandikisha watu wanane, nami nikapewa uweka hazina kwa kuwa ni mhasibu. Majina manane yakapelekwa Katesh kuombewa kibali, kwa sababu mlima ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na haupandwi kiholela. Ijumaa tuliondoka baada ya kazi, tukapita Kondoa na Babati, tukafika Katesh saa 4 usiku. Tuliposhuka kwenye magari tulikuwa kumi na watatu. Vyumba vilikuwa vya watu wanane na gesti za jirani zilikuwa zimejaa, kwa hiyo watano walilala mapokezi na ndani ya magari.

Saa 12 asubuhi alikuja mwongoza njia wetu, mzee mmoja mwenyeji, mwembamba, mwenye kofia ya sufu na katambuga miguuni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na bila kuuliza habari za safari akasema: "Maji yako wapi?" Mratibu akamwonyesha madumu matatu ya lita 20, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake. Mzee akayagonga moja moja kwa kidole kuhakikisha yamejaa, kisha akatuhesabu kwa macho, akaanza upya kutuhesabu, akaniita. "Mama, wewe ndiye mwenye kalamu. Nisaidie hesabu."

Hesabu yake niliiandika nyuma ya risiti ya mafuta, na risiti hiyo ningali nayo. Juu ya Hanang, mwezi wa Oktoba, hakuna maji ya kuchota njiani. Utakachokunywa na kupikia ni ulichopandisha. Mzee alitaka lita sita kwa kila mtu kwa siku mbili, kupika kukiwemo. Watu wanane ni lita 48, na mratibu alipiga hesabu hiyo hiyo, akaongeza kidogo, akanunua 60. Lakini mzee na wapagazi wake watatu nao wanakunywa, jambo ambalo kundi zima la WhatsApp halikuwa limelikumbuka. Kwa hiyo watu kumi na wawili ni lita 72, na tayari tulikuwa pungufu kwa lita 12 kabla hatujamgusa hata mmoja wa wale watano wa ziada. Tukiwaingiza tunakuwa kumi na saba, lita 102, ambazo ni kilo 102 za kubebwa mgongoni kwenye mteremko unaopanda zaidi ya mita 1,500 kutoka mjini hadi kileleni. Na wapagazi walikuwa watatu.

"Mzee, kweli huko juu hakuna hata kijito?" mratibu aliuliza.

"Oktoba?" Hakuongeza neno.

Kisha akaanza kukagua mizigo. Alikuwa akilinyanyua kila begi kwa mkono mmoja na kulirudisha chini, mengine akayafungua kwa idhini ya mwenyewe. Akakuta spika, akaiacha. Akakuta mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye mfuko wa rambo na nusu gunia la mkaa. Mguu wa mbuzi aliuangalia kwa heshima, lakini mkaa aliubeba mwenyewe, akaupeleka jikoni kwa mama wa gesti, akarudi akifuta mikono. Mwisho wa kiangazi nyasi za Hanang zimekauka kabisa, na cheche moja ya jiko ikipata upepo inaweza kuondoka na upande mzima wa hifadhi. Chakula cha juu kingepikwa kwa jiko dogo la gesi, au kingeliwa baridi.

Hadi hapo mambo yalikuwa mepesi. Ugumu ulianza tulipofika kwenye watu. Kati ya wale watano alikuwemo mkubwa wa kitengo chetu, aliyejiunga Alhamisi jioni, na wanaoishi mji wa serikali wataelewa bila maelezo marefu kwa nini mratibu hakuwa amemwambia kwamba nafasi zimekwisha. Kati ya wale wanane wa orodha alikuwemo kijana wa mafunzo kwa vitendo, mdogo kuliko sote, aliyelipa mchango wake mapema kuliko wengine na kuazima viatu vya mjomba wake. Mratibu akamvuta kijana pembeni, ingawa si mbali kiasi cha sisi kutosikia, akamwomba awe muungwana, abaki, mkubwa apande kwa jina lake. Kijana alisema sawa. Alianza hata kufungua kamba za viatu.

Mzee akatoa karatasi ya kibali mfukoni, akaikunjua juu ya boneti ya gari, akapitisha kidole kwenye majina, moja baada ya jingine, akiyasoma kwa sauti. "Huyu kijana yupo. Mkubwa hayupo." Halafu akanigeukia: "Mama, wasomee na maji." Nikasoma, lita 72 kwa watu kumi na wawili, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, ambaye ndiye anayesaini fomu zangu za likizo. Watu walikuwa wakiangalia chini kama wanaotafuta sarafu. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya, akasema basi, yeye atakwenda kuliangalia Ziwa Balangida na wale wanaovuna chumvi, mlima hauhami. Wanne waliobaki wakaenda naye. Hadi leo huniita Mama Madumu, na bado sijajua kama ni utani mtupu.

Lita 12 zilizopungua tulizinunua za chupa dukani, kila mtu akabeba moja na nusu. Tulianza kupanda saa 3 badala ya saa 12 na nusu.

Ya huko juu nitayapitia haraka, kwa sababu hayakuwa na kisa. Tulipita msitu, tukatoka kwenye nyasi na miti mifupi, tukapiga hema kabla ya jua kuzama, maana huku kwetu giza la Oktoba linaingia kabla ya saa 1 usiku na halina subira. Baridi ilikuwa kali kuliko wengi walivyotarajia, ingawa ilitabirika: kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na kutoka Dodoma, iliyo kwenye mita 1,100 hivi, hadi kilele cha Hanang, kinachokaribia mita 3,420, ni tofauti ya nyuzi 14 hivi hata kabla upepo haujaongeza yake. Mmoja aliumwa kichwa usiku, jambo la kawaida ukipita mita 2,500 upesi, akatulizwa kwa maji na kupumzika, na asubuhi akabaki kambini na mpagazi mmoja badala ya kuendelea. Ukingo wa kuelekea kileleni ni mrefu na hudanganya, kwani unadhani umefika kumbe bado. Ukungu ulifunguka mara chache tu. Jumapili alasiri tulikuwa Katesh. Katika siku hizo mbili tulikutana na kikundi kimoja kingine, cha watu wachache. Huo ndio umati wa sikukuu.

Sasa, nilikusudia kisa hiki kiwe ushahidi dhidi ya wikiendi ya sikukuu, na nikikisoma nilivyokiandika naona kinasema jambo jingine pia. Saa mbili na nusu tulizotumia kwenye ua wa gesti kupima maji na kubishana tulikuwa nazo kwa sababu Jumatatu ilikuwa tupu. Ingekuwa wikiendi ya kawaida, ya Jumamosi na Jumapili, mratibu angesema tumechelewa, twendeni, maji tutajua huko huko, na nina hakika wengi tungemuunga mkono, maana Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi mtu anatakiwa mezani kwake Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka Katesh. Tungeshuka ukingoni gizani, kisha dereva aliyechoka angeendesha usiku kucha. Siku ile ya tatu ndiyo iliyotuwezesha kulala Katesh Jumapili, kurudi mchana, na hata kusimama Kolo kuangalia michoro ya miambani, ambayo imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006 na ambayo watu wa Dodoma huipita kila siku bila kugeuza shingo.

Halafu kuna hizo "siku za kawaida" mnazozisema. Kwa mwajiriwa ni zipi? Likizo ya mwaka ni siku 28, na kuwapata watu wanane wa ofisi moja wakiwa likizo wiki moja ni ndoto. Tunabaki na kalenda ya sikukuu, na kalenda hiyo si rafiki wa mlima. Karume, Pasaka na Muungano kwa kawaida hutukuta kwenye mvua au mkiani mwake. Saba Saba na Nane Nane ziko kwenye kiangazi na zinafaa, kwa anayevumilia baridi ya usiku na ambaye ofisi yake haikumpangia zamu kwenye banda la maonyesho Nzuguni. Sikukuu ya Uhuru ina heshima yake katika habari za milima, kwa kuwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge kileleni Kilimanjaro, na kila mwaka wapo wanaopanda kumuenzi. Lakini Hanang wa Desemba mimi siutaki. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule ule yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka, na tope, mawe na magogo vikashukia Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafariki. Wenyeji waliotupokea walizungumzia mwaka ule kwa sauti ya chini. Nikiziondoa zote zisizofaa, wikiendi ya Oktoba ndiyo ya mwisho kabla ya mvua, na mwaka inapokaa Ijumaa au Jumatatu sioni iliyo bora kuishinda.

Kwa hiyo nimeanza nikisema haifai, na itanibidi niseme kwamba mimi mwenyewe nitakwenda tena, wikiendi hiyo hiyo. Ila nitakwenda kwa masharti ambayo si ya tarehe. Orodha ifungwe siku kibali kinapoombwa na isifunguliwe kwa cheo cha mtu yeyote. Maji yahesabiwe pamoja na ya mwongoza njia na wapagazi, hapa Dodoma, si Katesh. Siku ya tatu isiguswe: asitokee mtu wa kusema kwamba kwa kuwa tuna nafasi basi tulale usiku wa pili juu, kwa maana maji ya usiku wa pili hayapo. Anayetoka Dar kwa treni ya SGR afike Dodoma siku moja kabla, asitegemee kuunganisha na Costa za jioni ya sikukuu, ambazo huwa zimekwisha jaa tangu mchana.

Na jibu hili ni la Hanang tu. Siwezi kumshauri wa Kilimanjaro au Meru, ambako taratibu, gharama na idadi ya wageni ni mambo mengine kabisa. Wala haliwahusu wenye shinikizo la damu au pumu ambao hawajazungumza na daktari, wala wanaodhani kupanda Mlimwa, kilima cha hapa Dodoma mjini, jioni baada ya kazi ni mazoezi ya kutosha, kwa sababu Mlimwa unashuka kwenda kuoga nyumbani. Mwaka ambao mvua zitawahi na mzee wa Katesh akasema kwa simu msije, msiende, hata kama vyumba mmeshavilipia.