Soda ilitoa povu tu, haikuruka
Kama mlijaribu kurusha soda kutoka kwenye chupa kwa kutumbukiza pipi za Mentos, na povu likapanda kidogo tu likamwagika pembeni, huenda pipi mlizitumbukiza mojamoja. Ya kwanza ikigusa soda gesi inaanza kutoka, na mpaka ya tatu iingie mdomo wa chupa umeshajaa povu. Viringisha karatasi iwe bomba linalopitisha Mentos bila kukwama, panga 6 ndani, ziba chini kwa kipande cha kadi juu ya mdomo wa chupa, kisha chomoa kadi ghafla. Zote zizame pamoja; gesi inayotoka kule chini ndiyo inayosukuma soda juu.

Chupa iwe ya lita 2, imefunguliwa papo hapo. Soda ya friji huruka kidogo, iache kwanza ipoteze ubaridi. Coke Zero, ile isiyo na sukari, ni nzuri zaidi: haiachi mikono ikinata wala haiiti sisimizi. Pipi ziwe za minti, nyeupe, kavu. Uso wake una vishimo vidogo mno ambamo gesi hujikusanya kuwa mapovu, kwa hiyo pipi iliyolambwalambwa na mtoto haifai tena. Fanyieni uani, na mchomoa kadi asiinamie chupa.