Kabla hujalilaumu gitaa lako, angalia piki kwanza, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi

Mi nilikaa kama miaka miwili hivi naamini gitaa langu lina sauti mbovu. Nikabadilisha nyuzi, wapi. Nikazungusha trebo na besi kwenye ampu (kikuza sauti) mpaka vitufe vikalegea, wapi. Kila nikicharaza nasikia "chak chak" inatangulia kabla ya noti yenyewe, na noti ikija inakuja imekonda kama haijala siku mbili. Siku moja jamaa niliyekuwa napiga naye akachoka na malalamiko yangu, akanipa piki yake akasema hebu piga. Gitaa lile lile, nyuzi zile zile, ampu hatujaigusa. Niliona aibu kwa kweli. Piki yangu ilikuwa nailoni ya milimita 0.46, ya kwake 1.14.

Sasa wengi wanadhani unene wa piki ni suala la mkono tu, hii ngumu hii laini, wewe chagua unayoisikia raha. Sio hivo. Piki nyembamba ukiigusisha kwenye uzi inapinda yenyewe kwanza, uzi haujasogea vya kutosha tayari umeshateleza ukaachiwa, yaani nguvu yako imeliwa na plastiki, halafu piki ikijinyoosha ndo inatoa huo mlio wa kofi. Ile chak yangu. Nene haipindi, inausukuma uzi mpaka pale mkono wako ulipotaka, noti inatoka imeshiba na unajua kabisa inaanza saa ngapi. Ndo maana wapiga solo wengi utawakuta milimita 1 kwenda juu, na hawa wanaofuata jazi ya mpiga gitaa Django Reinhardt wanashika hadi 3 na kupita, ukiiona utadhani kipande cha kigae.

Basi mi nikaokoka moja kwa moja, nikanunua 1.5 nikaanza kutumia kwa kila kitu, hadi kucharaza kodi (za gitaa, sio za serikali) kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme. Kosa. Nene ukiishika kwa nguvu kama ulivyozoea nyembamba inanasa kwenye nyuzi, na yangu ilichomoka katikati ya wimbo ikaingia kwenye tundu la gitaa, nikabaki napiga na kucha mpaka mwisho, baadaye naligeuza gitaa kichwa chini nalitikisa kama mtoto anayeiba kwenye kibubu. Kwa hiyo nyembamba nazo zina kazi yake, tena kubwa. Ukiwa unapiga rizimu nyuma ya mwimbaji na besi ipo, huhitaji gitaa lililoshiba, unahitaji ule mchakacho wa juu kama kayamba, na 0.50 au 0.60 inakupa bila hata kugusa ampu.

Halafu kuna malighafi, na hapa ndo namba zinadanganya. 0.73 ya nailoni inapinda vizuri tu, 0.73 ya Ultex, plastiki ngumu, inakaa kama ubao, kwa hiyo mtu akikwambia "tumia 0.73" muulize ya malighafi gani. Nailoni ina sauti ya upole, sauti za juu zimekatwa kidogo. Seluloidi ndo ile ya kizamani yenye madoa ya kahawia, ilitengenezwa kuiga gamba la ng'amba (aina ya kasa) ambalo ndilo lilikuwa linatengenezewa piki zamani, biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku miaka ya 1970 na mi nasema vizuri sana, ng'amba wenyewe wamebaki wachache. Inalia kwa joto fulani hivi naipenda, ila inaisha haraka na inashika moto kweli kweli, usiiache karibu na mshumaa. Tortex, plastiki nyingine, zile zisizong'aa, ukizishika kama zina unga, sauti yake ni kali kuliko ya nailoni na hazitelezi jasho likija. Ya chuma mi hapana, inakwaruza na inakula nyuzi, japo Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, anapiga na sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni 6 na ule mkwaruzo wa kingo zake ndo sehemu ya sauti yake, sasa wewe sio Brian May na mimi pia.

Ukitaka kujua ya kwako usinunue pakiti nzima ya aina moja. Chukua tatu nne tofauti, rekodi kwa simu kipande kile kile sekunde kumi kila moja, sikiliza kesho yake bila kujua ipi ni ipi. Mi nilidhani nitachagua 1.14, masikio yakachagua 0.88.

Na kabla hata hujatoa hela, igeuze hiyo uliyo nayo upige na bega lake la mviringo badala ya ncha, sauti inanenepa papo hapo. Kisha angalia ncha yenyewe. Ikiwa imeliwa upande mmoja au ina miba miba, ndo hiyo inakwaruza, isugue na msasa laini au hata kwenye paja la jinzi kwa dakika chache. Yangu nimeisugua leo asubuhi.