Sarara ishakuwa laini, we itoe tu mapema

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza tunafanyaje ili steki laini tunayochoma nyumbani isitoke kavu na ngumu. Hili nimehangaika nalo miaka mingi sana na jibu langu ni moja, acheni kuilainisha. Sarara ilikuwa laini kabla hujaileta jikoni, kazi yako ni kuipa rangi ya kahawia kwa nje halafu kuitoa motoni mapema kuliko roho inavyokwambia.

Sarara ni ule msuli mrefu uliolala kwa ndani kando ya uti wa mgongo wa ng'ombe, haufanyi kazi nzito kama bega au mguu ndo mana hauna kano nyingi wala mafuta mengi. Bega unalichemsha masaa mpaka kano ziyeyuke na hapo ndo linalainika, sasa sarara haina cha kuyeyusha, kila dakika unayoiongezea kwenye moto unaipunguzia maji tu. Na wale wanaoilaza usiku kucha kwenye ndimu au siki naomba waache kabisa, nje inakuwa tepetepe na ndani hamna kilichobadilika. Kitu pekee kigumu pale ni ule utando mweupe unaong'aa, pitisha ncha ya kisu chini yake uutoe wote maana kwa moto wa muda mfupi hauyeyuki, unajikunja tu na kuivuta nyama.

Kata vipande vinene, kama sentimita 4 hivi, chembamba kinaiva mpaka katikati kabla nje haijapata rangi na hapo huna la kufanya tena.

Chumvi sasa. Ama uiweke dakika 40 au zaidi kabla, ama uiweke pale pale unapopeleka motoni, hapo katikati ndo pabaya. Chumvi inavuta maji kutoka ndani kwa hiyo ukiiacha dakika 10 nyama imelowa juu, ila ukisubiri yale maji yanaiyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani. Vyovyote vile kabla ya kuweka kwenye wavu ikaushe kwa tishu za jikoni, bonyeza pande zote mpaka tishu itoke kavu. Hapa ndo wengi wanakosea kwa kweli. Maji yakiwepo juu ya nyama joto la pale halivuki nyuzi 100 mpaka yaishe, na ile kahawia yenye harufu nzuri inaanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 hivi, ni mabadiliko aliyoyaeleza mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Nyama iliyolowa inajichemsha kwanza, inakuwa ya kijivu, na ukiisubirisha mpaka ipate rangi ndani kushakwisha.

Mkaa usubiri mpaka ufunikwe na majivu, halafu usukume wote upande mmoja ili uwe na upande wa moto mkali na upande usio na mkaa. Paka mafuta nyama, sio wavu. Anzia kwenye moto mkali na uigeuze geuze kila baada ya dakika moja, wanaosema steki inageuzwa mara moja tu mi siwakubalii, ukigeuza mara kwa mara inaiva sawasawa zaidi. Ikishapata rangi ihamishie upande usio na mkaa, funika, iendelee taratibu. Na kusema kwamba moto mkali unafunga maji yasitoke sio kweli, ule moto ni wa ladha tu, maji yanalindwa na joto la katikati.

Kwa hiyo nunua themomita ya nyama, hii nasisitiza kwa sababu dakika hazikwambii kitu, kila jiko na kila kipande kina mambo yake. Choma ncha yake katikati kutokea ubavuni. Ukitaka waridi katikati toa kwenye nyuzi 52, itapanda yenyewe nyuzi 3 mpaka 5 ikipumzika. Ikikaribia nyuzi 70, nyuzinyuzi za nyama zishajikamua na maji hayarudi. Ila kwa mjamzito, mzee au mgonjwa mi nafuata kile Wizara ya Kilimo ya Marekani inachoshauri kwa kipande kizima, nyuzi 63 halafu ipumzike dakika 3. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, hiyo iive kabisa.

Ipumzishe juu ya wavu na sio kwenye sahani, ikikaa kwenye sahani upande wa chini unalowa na ile kahawia uliyoitafuta inaharibika. Dakika 5 zinatosha.

Mara ya kwanza kumchomea baba mkwe alirudisha sahani akasema ina damu. Nikamweleza sio damu, damu inatoka wakati wa kuchinja, kile chekundu ni maji ya nyama yenye protini inayoitwa mayoglobini na rangi yake inabadilika kadiri joto linavyopanda. Akanisikiliza lakini hakula, nami sikumlazimisha, nikakirudisha upande usio na mkaa mpaka 63 na hapo akakila chote. Siku hizi akija ananiambia chake nikitoe kwenye 58.