Jibu: msianze na chakula, anzeni na majina

Dada, umeuliza kikundi chenu cha kuweka na kukopa pale Mwanga kianzie wapi kusaidia kaya zisizojiweza ugonjwa ukizuka tena. Anzeni na majina, na msitegemee orodha ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, peke yake. Ile ina waliokuwa maskini tangu zamani. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, walioumia upesi mtaani kwetu Ujiji hawakuwemo: mama aliyekuwa akiuza maandazi getini kwa shule, mwalimu wa shule ya binafsi aliyekosa mshahara. Wanaona haya kuomba. Balozi wa nyumba kumi anawajua, na msikitini na kanisani pia wanawajua. Mkalishe hao watatu pamoja, majina yapatane.

Chakula ni hesabu tu. Familia ya watu sita, kilo 25 za unga zinasogeza kama wiki mbili. Ongezeni dagaa wakavu, mawese, chumvi na sabuni. Sabuni msiisahau jamani, ndiyo kinga yenyewe.

Tena pelekeni mlango kwa mlango, jioni. Sisi mara ya kwanza tuliwaita watu uwanjani. Wakasongamana, na bibi mmoja mgonjwa wa kifua akasimama juani saa mbili nzima. Bado inaniuma. Siku hizi vijana wawili wa bodaboda wanatosha: wanabisha hodi, wanaweka mzigo kizingitini, wanarudi nyuma hatua kadhaa, wanauliza kama kuna mgonjwa ndani au dawa ya presha imekwisha. Hilo swali la dawa lisiachwe.